Mashine Haifi Ghafla

Mama anayenunua chungu sokoni hategemei macho peke yake. Hukiinua, akakigonga kwa kifundo cha kidole, kisha akatega sikio. Chungu kizima hulia. Chenye ufa hukohoa. Muuzaji analijua jambo hilo, na ndiyo maana hakatai bidhaa yake igongwe. Ufa wenyewe huenda usionekane hata ukikigeuzageuza chungu juani, lakini mlio hauwezi kuuficha.

Mafundi wa reli wa Uingereza katika karne ya 19 walifanya vivyo hivyo. Treni iliposimama stesheni, mtu mmoja alitembea kando ya mabehewa akiwa na nyundo ya mpini mrefu, akagonga gurudumu moja baada ya jingine. Gurudumu zima lilijibu kama kengele. Lenye ufa lilitoa mlio mfu, na behewa lake likaondolewa kwenye safari. Hata leo, ukiingia karakana za Gerezani jijini Dar es Salaam au za Gikomba jijini Nairobi, si ajabu kumkuta fundi ameegemeza ncha ya bisibisi juu ya nyumba ya beringi, mpini wake ukiwa sikioni. Anakisikiliza chuma.

Historia hii ni ya sikio hilo: namna lilivyotoka kichwani mwa fundi, likawa fuwele, likawa namba, likawa mchoro kwenye kioo cha kompyuta. Ni historia pia ya watu waliosikia na wasiamini.

Profesa na mtu wa maziwa

Mwaka 1869 William Rankine, profesa wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Glasgow na mmoja wa wasomi wakubwa wa mvuke wa zama zake, alichapisha makala kuhusu shafti zinazozunguka. Hesabu zake zilimwonyesha kwamba kila shafti ina kasi fulani ambayo ikiifikia huanza kujipinda, na kadiri inavyojipinda ndivyo mzunguko unavyozidi kuivuta nje. Akahitimisha kwamba shafti haiwezi kuivuka kasi hiyo ikasalimika.

Jambo alilolizungumzia Rankine analijua yeyote aliyewahi kumsukuma mtoto kwenye bembea. Ukisukuma ovyo, unajichosha bure. Ukisukuma kwa wakati wake, kidole kimoja kinatosha kuipandisha bembea juu. Shafti nayo ina wakati wake wa kubembea. Na kwa kuwa hakuna gurudumu duniani lenye uzito sawasawa pande zote, ule upande ulio mzito kidogo husukuma mara moja kila mzunguko. Mizunguko ikienda sambamba na bembea ya shafti, msukumo mdogo hugeuka tetemeko.

Hadi hapo Rankine alikuwa sahihi. Alikosea pale alipofikiri kwamba ng'ambo ya tetemeko hilo hakuna kitu.

Aliyemsahihisha alikuwa Mswidi aliyeanzia kwenye maziwa. Katika miaka ya 1870 Gustaf de Laval alibuni mashine ya kutenganisha krimu na maziwa kwa kuyazungusha, kazi iliyodai kasi kubwa. Kuitafuta kasi hiyo kulimfikisha kwenye turbini ya mvuke iliyozunguka mara 30,000 kwa dakika, yaani mara 500 kila sekunde. Kwa kasi kama hiyo hata kosa la unyoya kwenye uzito wa gurudumu hutosha kuvunja beringi. Mwingine angeinenepesha shafti ili isipinde. Mwaka 1889 Laval aliikondesha. Shafti yake nyembamba ilitikisika ilipokuwa ikipanda kasi, ikavuka pale alipopakataza Rankine, na ilipofika ng'ambo ikatulia. Gurudumu lilikuwa limekiacha kitovu alichokichora fundi na kukitafuta lenyewe kitovu cha uzito wake.

Mashine ilikwisha kusema. Wasomi ndio waliochelewa kusikia. Mjerumani August Föppl alilieleza jambo hilo kwa hesabu mwaka 1895, lakini maelezo yake hayakusomwa sana nje ya kwao. Mpaka Henry Jeffcott alipoandika kwa Kiingereza mwaka 1919, miaka 30 baada ya shafti ya Laval, ndipo mabishano yakaisha. Wahandisi wakakubali kwamba mtetemo una sababu, na kwamba sababu hiyo inaweza kutafutwa kwa kalamu na karatasi.

Fuwele inayolia

Kusikiliza kulihitaji sikio jipya. Sikio la mwanadamu huchoka, na halina kumbukumbu: fundi hawezi kuulinganisha mtetemo wa leo na wa mwaka jana.

Chimbuko la sikio hilo lilikuwa limekwisha patikana jijini Paris mwaka 1880. Ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele, kama vile za kwatzi na za chumvi ya Rochelle, zikibanwa hutoa chaji ya umeme. Pierre alikuwa na miaka 21, na ilikuwa bado miaka 15 kabla hajamwoa Marie, ambaye jina lake lingekuja kulifunika lake. Ugunduzi wao ulikuwa kitu cha maabara, na kwa miongo kadhaa hakuna mwenye kiwanda aliyeuhitaji.

Mwaka 1943 Denmark ilikuwa chini ya jeshi la Ujerumani. Wahandisi wawili, Per Brüel na Viggo Kjær, walikuwa wameanzisha kampuni yao ndogo mwaka mmoja kabla. Mwaka huo walitengeneza kwa ajili ya soko kihisi cha mtetemo kilichotumia fuwele ya chumvi ya Rochelle. Muundo wake unaweza kuelezwa jikoni. Weka kipande cha metali juu ya fuwele, fungia vyote ndani ya kikopo kidogo, kisha kibane kikopo hicho kwenye nyumba ya beringi. Mashine ikitikisika, kikopo hutikisika nayo, lakini kile kipande cha metali huchelewa kufuata kwa sababu ya uzito wake. Kila kinapochelewa huibana fuwele, na fuwele hulia kwa umeme. Kilio hicho kikipitishwa kwenye waya na kukuzwa, kinaweza kuandikwa.

Kifaa hicho hakina sehemu inayozunguka wala kuchakaa kwa msuguano. Tena husikia mitetemo ya maelfu kwa sekunde, ile ambayo bisibisi huimeza kabla haijafika sikioni.

Mtu wa bima

Ila mlio usio na kipimo ni malalamiko tu. Fundi mmoja atasema, "Hii pampu inatetemeka sana." Mwenzake atamjibu, "Ndivyo ilivyo tangu nilipoanza kazi hapa." Nani mkweli?

Swali la "sana ni kiasi gani?" lilipata jibu la kwanza lenye uzito kutoka kwa mtu wa bima. T. C. Rathbone alikuwa mhandisi wa mitambo katika kampuni moja ya bima ya New York, na bima ndiyo hulipa turbini ikivunjika. Mwaka 1939 alichapisha chati ya mtetemo unaovumilika, yenye ngazi kuanzia mashine tulivu kabisa hadi ile isiyofaa kuendelea kuendeshwa. Chati hiyo ilionyesha pia kwamba upana uleule wa mtetemo ambao mashine ya polepole huuvumilia unaweza kuiua ile iendayo mbio.

Hatua hiyo ilizaa nyingine. Mwaka 1964 wahandisi wa Ujerumani walitoa mwongozo wao, VDI 2056, na mwaka 1974 Shirika la Kimataifa la Viwango likatoa ISO 2372 kwa kufuata njia hiyohiyo. Kipimo kilichochaguliwa ni kasi ya mtetemo, kwa milimita kwa sekunde. Kwa mota ndogo isiyozidi kilowati 15, mtetemo usiozidi milimita 0.71 kwa sekunde ulihesabiwa kuwa wa mashine yenye afya njema; ukivuka 4.5, mashine haikufaa kuendelea. Sasa yule fundi wa kwanza na mwenzake waliweza kumaliza ubishi kwa kusoma namba.

Ndege zilizougua baada ya kutibiwa

Wenye viwanda wa Ulaya na Marekani hawakuijua methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini waliishi kwa imani hiyo na kuitia chumvi. Kila baada ya saa kadhaa za kazi mashine ilizimwa, ikafunguliwa, vipuri vikabadilishwa hata kama ni vizima, ikafungwa tena. Methali haikuagiza ukuta ubomolewe kila mwezi ili kutazama kama una ufa. Aliyeliona kosa hilo mapema kuliko wengi alikuwa mtaalamu wa viinitete.

Conrad Hal Waddington alikuwa mwanabiolojia wa Uingereza. Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilimtoa maabara na kumpeleka kwenye kundi la wanasayansi waliolishauri jeshi la anga la pwani, lililowinda nyambizi za Wajerumani katika Atlantiki. Ndege zilihitajika angani lakini nyingi zilikuwa mikononi mwa mafundi. Waddington na wenzake walikusanya kumbukumbu za hitilafu, wakazipanga kufuata saa zilizopita tangu ukaguzi wa kila saa 50 za kuruka. Kama ukaguzi ungekuwa kinga, hitilafu zingekuwa chache mara tu baada ya ukaguzi, kisha zikaongezeka saa 50 zikikaribia. Karatasi zilionyesha kinyume. Hitilafu zilikuwa nyingi mara baada ya ukaguzi, kisha zikapungua ndege ikiendelea kuruka.

Ukaguzi wenyewe ulikuwa unaziumiza ndege. Mafundi hawakuwa wazembe. Kila unapofungua mashine nzima unaipa nafasi ya kufungwa vibaya: nati iliyokazwa nusu, uchafu ulioingia kwenye bomba la mafuta, kipuri kipya chenye kasoro kilichochukua nafasi ya cha zamani kisicho na neno. Muda kati ya ukaguzi ukarefushwa, na ndege zikaruka zaidi. Kitabu cha Waddington kuhusu kazi hiyo kilikaa miaka mingi bila kuchapishwa kwa sababu za siri za kijeshi, kikatoka mwaka 1973.

Wakati huo mashirika ya ndege ya Marekani yalikuwa yameifikia hoja hiyo kwa njia yao. Boeing 747 ilipokuwa inakuja, mwaka 1968 yaliketi kuandika upya kanuni za matengenezo. Mwaka 1978 Stanley Nowlan na Howard Heap wa United Airlines waliandika kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani ripoti ambayo wahandisi wa matengenezo wanaisoma hadi leo. Waligundua kwamba katika vipuri vya ndege walivyovichunguza, asilimia 11 tu vilikuwa na tabia ya kuchakaa inayoweza kupangiwa umri. Asilimia 89 havikuwa na umri wa kufa unaojulikana, kwa hiyo kuvibadilisha kwa kalenda hakukuvisaidia. Ripoti ilitoa mfano ulionyamazisha wapinzani. Ndege ya DC-8, kwa taratibu za zamani, ilidai zaidi ya saa milioni 4 za kazi ya mafundi katika ukaguzi mkubwa wa muundo wake kabla ya kufikia saa 20,000 za kuruka. Boeing 747, ndege kubwa zaidi, kwa taratibu mpya ilidai saa 66,000.

Ikiwa kalenda haijui siku ya kifo, nani anaijua? Nowlan na Heap walisema vitu vingi, kabla havijaharibika kabisa, hupita katika hali inayoweza kutambuliwa, na kazi ya fundi ni kuikuta hali hiyo mapema. Beringi ni mfano mzuri. Ufa mdogo unapoanza chini ya uso wa chuma, hutoa mitetemo ya kasi kubwa ambayo sikio halisikii. Wiki au miezi baadaye, kipande cha chuma kikibanduka, mtetemo huongezeka na kihisi cha kawaida huupata. Kisha unaanza mlio ambao fundi anausikia. Kisha joto. Moshi huja mwisho. Anayesubiri joto amekwisha kuchelewa.

Soko na sauti zake

Katika kuikuta hali hiyo mapema kulikuwa na kikwazo kimoja cha mahali na kingine cha hesabu.

Cha mahali kilihusu mitambo mikubwa. Kwenye turbini nyingi shafti huelea juu ya utando mwembamba wa mafuta, na nyumba inayoizunguka ni nzito kama mwamba. Shafti inaweza kurukaruka ndani huku nyumba ikinyamaza. Mmarekani Don Bently, aliyeanza biashara yake katika gereji jimboni California na kuihamishia mji mdogo wa Minden, Nevada, mwaka 1961, aliuza dawa yake: ncha yenye koili ndogo ya waya inayokaribia shafti bila kuigusa. Umeme wa koili huamsha umeme mwingine juu ya uso wa chuma, na kutokana na hapo kifaa husoma nafasi iliyobaki kati ya ncha na shafti. Mwaka 1976 Taasisi ya Petroli ya Marekani ilitoa kiwango chake, API 670, kuhusu namna ya kuilinda mitambo kwa vifaa vya aina hii.

Kikwazo cha hesabu kilikuwa kigumu zaidi. Mawimbi yanayotoka kwenye kihisi ni kama kelele za soko siku ya gulio: muuza samaki, kondakta, mhubiri na redio, wote kwa pamoja. Mfaransa Joseph Fourier alikuwa ameonyesha mwaka 1822 kwamba wimbi lenye vurugu linaweza kugawanywa kuwa mawimbi laini, kila moja na mwendo wake. Tatizo lilikuwa jasho. Kugawanya vipimo 1,024 kwa njia ya moja kwa moja kulihitaji kuzidisha zaidi ya mara milioni moja.

Mwaka 1965 James Cooley wa IBM na John Tukey wa Princeton walichapisha njia ya mkato. Milioni moja ikashuka hadi elfu kumi hivi. Msukumo wa kazi hiyo ulitoka mbali na viwanda: wanasayansi wa Marekani walitaka kutambua majaribio ya nyuklia ya Wasovieti kwa kusikiliza mitetemo ya ardhi. Silaha iliyotengenezwa kusikiliza mabomu ikaja kusikiliza pampu, kwanza kwenye kompyuta kubwa, baadaye kwenye kisanduku anachokibeba fundi begani.

Tuchukue mota inayozunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde. Kwenye mchoro wa kompyuta, nguzo ikisimama kwenye 25, upande mmoja wa rota ni mzito. Ikisimama sana kwenye 50, huenda shafti ya mota na ya pampu hazijanyooshwa vizuri. Kama ina gia yenye meno 32, meno hukutana mara 800 kwa sekunde, na nguzo ya hapo ikiota matawi pembeni, kuna jino lenye tatizo. Beringi yenye gololi 9 ikiwa na kidonda kwenye ringi ya nje, gololi hukipita kidonda hicho karibu mara 90 kwa sekunde. Tangu hapo mafundi waliacha kubishana kama mashine inaumwa, wakaanza kujadili inaumwa wapi.

Helikopta za Bahari ya Kaskazini

Tarehe 6 Novemba 1986, helikopta aina ya Boeing 234 Chinook ilikuwa ikirudisha wafanyakazi kutoka eneo la mafuta la Brent kuelekea uwanja wa Sumburgh, visiwa vya Shetland. Ilikuwa imebakiza mwendo mfupi kutua. Gia moja ndani ya sanduku la gia la mbele ilipasuka. Chinook ina seti mbili za panga kubwa zinazopishana hewani kwa sababu gia huziweka katika mpangilio. Mpangilio ulipopotea, panga ziligongana. Kati ya watu 47 waliokuwemo, 45 walikufa.

Gia hiyo haikupasuka kwa dakika moja. Ufa wake ulikuwa umekua safari baada ya safari. Baada ya msiba huo, kampuni za mafuta, waendeshaji wa helikopta na mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza walisukuma jambo lililokuwa likijadiliwa tangu kabla: kuvifunga vihisi vya mtetemo kwenye sanduku la gia, beringi na injini, virekodi kila safari, na data isomwe ndege ikitua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 helikopta za Bahari ya Kaskazini zilianza kuruka na mfumo huo. Abiria wa kawaida walibebwa na mashine iliyokuwa ikijisikiliza yenyewe.

Katika miaka hiyohiyo bei ya vihisi ilianza kuanguka. Mwaka 1991 kampuni ya Marekani ya Analog Devices ilitangaza kihisi cha mwendo kilichochongwa ndani ya kipande cha silikoni, ADXL50, kwa ajili ya kufyatua mifuko ya hewa ya magari. Ndugu zake wa baadaye ndio wanaoigeuza picha unapoilaza simu yako. Kitu kilichokuwa cha turbini za mabilioni kikafika kwenye pampu ya maji na feni ya kiwanda, kikiwa na betri yake na kutuma habari bila waya.

Asubuhi ya Yenisei

Ingekuwa raha kuimalizia historia hapo, kwenye kihisi cha bei nafuu. Lakini kuna asubuhi ya tarehe 17 Agosti 2009.

Kituo cha umeme wa maji cha Sayano-Shushenskaya kipo Siberia, Urusi, kwenye Mto Yenisei, chini ya ukuta wa bwawa unaozidi mita 240. Kilikuwa na mitambo 10, kila mmoja wa megawati 640. Mtambo namba 2 ulianza kazi mwaka 1979 na ulikuwa umekaribia miaka 30 uliyopangiwa. Mwanzoni mwa 2009 ulifanyiwa matengenezo na kurudishwa kazini mwezi Machi. Kuanzia Aprili mtetemo wake ulianza kupanda, na kufikia Agosti ulikuwa umeongezeka karibu mara nne.

Turbini za aina hii zina kiwango cha mzigo kisichotakiwa kukaliwa, kwa sababu maji huzitikisa vibaya. Huvukwa haraka, kama shafti ya Laval. Usiku wa tarehe 16, moto katika kituo cha Bratsk ulifanya jukumu la kusawazisha umeme wa gridi lihamie Sayano-Shushenskaya, na Mtambo namba 2 ndio uliowekwa mbele. Mzigo ukapanda na kushuka kufuata mahitaji, na mtambo ukalipita eneo hilo baya mara kadhaa.

Ripoti ya mamlaka ya usalama wa viwanda ya Urusi inasema kihisi kwenye beringi ya turbini kilisoma mikroni 600 saa 2:00 asubuhi. Kikomo kilikuwa 160. Saa 2:13 kilisoma 840, bado chini ya milimita moja. Dakika hiyo bolti za mfuniko wa turbini zilikatika. Maji ya bwawa yaliinua mfuniko na rota ya tani 920 na kuvirusha juu ndani ya ukumbi, kisha yakafurika. Umeme wa kituo ulizimika, milango ya maji haikujifunga, na wafanyakazi walilazimika kupanda juu ya bwawa na kuishusha wenyewe. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya saa nzima. Watu 75 walikufa.

Wachunguzi waliokota bolti 49 za mfuniko ule. Bolti 41 zilikuwa na nyufa za uchovu wa chuma, nyufa zinazokua taratibu kwa miaka. Matengenezo ya mwanzoni mwa mwaka hayakuziona. Na mtambo ule ulikuwa umefungiwa mwaka huohuo mfumo wa kupima mtetemo muda wote. Mfumo haukuwa umeingizwa rasmi kazini. Ripoti inasema wafanyakazi na wakuu wa kituo hawakuutumia katika kuamua.

Wazee walisema sikio la kufa halisikii dawa. Mtambo namba 2 ulisema kwa miezi minne, kwa namba ambazo Rathbone angezielewa mwaka 1939. Fuwele haikushindwa, wala hesabu ya Fourier. Kinachohitajika ni kanuni iliyoandikwa kwamba namba ikivuka kikomo mtambo unazimwa, na mtu mwenye ruhusa ya kuizingatia bila kuogopa kulaumiwa kwa megawati zilizopotea.

Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Kuna viwanda vya sukari, saruji na nguo kutoka Kilimanjaro hadi Mombasa vyenye maelfu ya mota na pampu, na vihisi vinaendelea kushuka bei. Kununua sikio sasa ni kazi rahisi. Kwa hiyo wewe mhandisi kijana utakayekabidhiwa chumba cha udhibiti, siku ya kwanza usianze kwa kuuliza vihisi viko vingapi. Uliza ni nani anayeruhusiwa kuzima mtambo bila kumpigia simu mkubwa yeyote, na jina lake liandikwe ukutani.